Auzwe Tena

Igowole, Jumapili jioni

Kaka Dastan,

Simu hupokei, basi soma. Huku baridi kali, na mama anakusalimu.

Kile kichekesho chako cha mheshimiwa anayenunua kuku kwenye mnada wa kanisa, kisha anamrudisha auzwe tena, mpaka kuku anakuwa mtoa sadaka mkubwa kuliko yeye, kimeenea kwenye simu zote hapa. Wewe ulipigiwa makofi huko Mbeya. Huku Mchungaji alimvua baba uzee wa kanisa kwa ajili yake. Tangu hapo baba hakutaji; akiulizwa, anasema hana muda wa upuuzi wako.

Leo baada ya ibada mama alipeleka jogoo mnadani. Mnadishaji akanadi, akanadi. Watu wakatazama viatu vyao, hakuna aliyetaka kununua cha kwetu. Mama akaanza kulia. Ndipo baba akasimama, akamnunua jogoo wa nyumbani kwake mwenyewe, akamrudisha kwa mnadishaji. Akatunisha tumbo, akasema kwa sauti yako ya mheshimiwa, "Auzwe tena!"

Watu walicheka mpaka Mchungaji akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Sauti ile ile, kaka, na tumbo lile lile. Mzee anayesema hana muda wa upuuzi wako amekutazama kwenye simu mara nyingi sana.

Mdogo wako,
Anjela