Shika Moo

Jumamosi, 3 Juni 2006

Wazee sita nimewaogesha kazini leo. Basi limechelewa. Nimefika nyumbani hapa Bladensburg, Marekani, miguu imevimba, nikakuta Elia anapiga deki. Tangu tuoane sijaona maajabu hayo. Mama yake anaingia kesho kutoka Iringa.

Naogopa. Alishasema kwenye simu: akimkuta mjukuu hana adabu, anaondoka naye akalelewe kwao miaka miwili. Elia hakukataa. Alisema, "Tutaona, Mama." Tutaona nini? Upendo ana miaka mitano. Haendi popote.

Jumapili, 4 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Kwetu Nyeri unamsalimia nyanya kwa mkono, basi. Shikamoo ni ya Watanzania. Elia aliahidi atamfundisha mtoto. Wapi! Akakumbuka mlangoni, mama yake ameshaingia na masanduku. "Upendo, mpe Bibi shikamoo!"

Upendo akaitikia kwa Kiingereza chake, akakimbilia chumbani. Tukabaki tumesimama. Mama Mkwe, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, anaangalia zulia. Mtoto akarudi na ng'ombe wake wa kitambaa, yule ukimbonyeza tumbo analia. Jina lake Moo. Halali bila yeye. Akamkabidhi Bibi kwa mikono miwili.

"Shika Moo."

Woi! Mama Mkwe akampokea. Midomo ameibana. Akasema amechoka na safari, akajifungia chumbani na ng'ombe. Nimelia jikoni, na hata kitunguu sijakata.

Jumatatu, 5 Juni

Nimemwambia Elia amkatalie mama yake kumchukua mtoto, kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema nisubiri. Subira ya huyu mwanamume itaniua.

Asubuhi nilisema, "Mama, lete kikombe nikuongeze chai." Aliniangalia! Kumbe kwao ni "naomba kikombe." Sasa hata mimi sina adabu. Wataniondoa na mimi nikalelewe Iringa.

Jumatano, 7 Juni

Nacheka nikiandika.

Nimerudi kutoka kazini nikasikia ng'ombe analia hadi kwenye ngazi. Nafungua mlango: Mama Mkwe amekaa kwenye zulia, Moo kichwani amefungwa kilemba cha kitenge. Upendo anapiga goti, "Shikamoo!" Bibi anabonyeza tumbo. Mooo. Wanaanguka wote wawili.

Kumbe Jumapili Mama Mkwe alikimbia kwenda kuchekea ndani! Aliuma mto. "Ningecheka pale mlangoni mngesema mama mkwe gani huyu," anasema, machozi yanamtoka.

Nikamuuliza palepale. Sikuzunguka. "Mama, utaondoka naye?"

Akafuta macho. "Mtoto ameambiwa ampe Bibi, akatoa kitu anachokipenda kuliko vyote. Nikamfundishe adabu ipi tena? Mwache akae na mama yake."

Nikakaa chini.

"Ila wewe," akasema, "siku ya nne leo, sijasikia shikamoo yako."

Haki ya Mungu, nilisahau! Nikapiga goti na viatu vya kazi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo.

Elia ameingia wakati wa chakula, anajigamba: "Si nilikwambia usubiri?" Nimemrushia mwiko. Umempata.

Jumapili, 2 Julai

Tumemsindikiza Mama Mkwe uwanja wa ndege, Dulles. Nimelia mimi kuliko Elia, nani angeamini. Foleni inasogea, Upendo akamtoa Moo kwenye begi lake. Bibi akakataa. Mtoto akamsukumia kifuani: "Shika, Bibi."

Bibi hakubisha tena.

Jumapili, 9 Julai

Siku kimya. Nguo nimefua, sukuma wiki nimepika. Wiki nzima Upendo amelala na mto tu, halalamiki.

Mchana Iringa wamepiga simu. Upendo ameinyakua kabla ya baba yake. Ametoka na Kiswahili kitupu, sijamwambia mtu amfundishe:

"Shikamoo, Bibi. Moo amekula?"

Halafu kwenye simu, kutoka Iringa, ng'ombe akalia.