Kistari cha Nyumba ya Shangazi

Ifakara,
Jumapili, 9 Juni 1996

Mpendwa Dada Tekla,

Shikamoo. Leo nakuandikia yote, hata yale niliyopanga kuyaweka mpaka uje mwenyewe. Tangu tutoke misa ya kwanza nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara najikuta naandika habari za kuku. Basi za kuku nazimaliza hapa hapa: yule mweupe ameangua saba, kicheche kachukua wawili. Mama anakusalimu, mgongo bado unamsumbua. Baba yuko shamba, wameanza kuvuna.

Mimi nimechoka, Dada. Likizo ilipoanza tu nilirudi kwenye kile chumba chetu pale kituo cha utafiti, kuingiza fomu kwenye kompyuta kama mwaka jana. Chumba ni kile kile, na pazia la bluu ni lile lile linalonuka vumbi. Kiti chako anakikalia kaka mmoja kutoka kijiji cha Kisawasawa ambaye akisema "habari za asubuhi" amemaliza maneno ya siku nzima. Tena kati yetu wameweka ubao mrefu, simwoni ila viwiko. Nikifumba macho naona tarakimu. Jana nilipokuwa nachota maji nilijikuta nahesabu ndoo kwa sauti ile ya kusoma fomu, watoto wa jirani wakanicheka.

Unakumbuka siku ya kwanza msimamizi wetu Mama Leokadia alipotuketisha? Mimi nilikuwa kidato cha pili na wewe unasubiri kazi. Alisimama mbele yetu na miwani yake imefungwa uzi, akasema kila fomu itaingizwa mara mbili, na watu wawili, kila mtu peke yake. Kisha kompyuta italinganisha. Tukipishana mahali, itatuonyesha, naye atarudi kwenye karatasi kuona nani kakosea.

Wewe ukamuuliza, "Na tusipopishana, mama?"

"Msipopishana mashine inanyamaza," akasema. "Haijui ukweli hiyo. Inajua tu mlipoachana njia. Kwa hiyo msiongee. Nyie mabinti, hapa si kisimani!"

Tuliongea. Ulikuwa unanionea huruma kwa sababu nilikuwa nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mchele. Ukawa unanisomea fomu kwa sauti ya chini, mimi naandika, wewe unaandika, na akiingia Mama Leokadia unageuza maneno kuwa wimbo wa kwaya. Jioni kompyuta ilipolinganisha kazi yetu ilitoa sifuri. Hakuna tofauti. Siku ya pili sifuri, wiki nzima sifuri. Mama Leokadia akawa anawaita wengine waje watuone. "Hawa wamezaliwa tumbo moja," anawaambia, "hata vidole vyao ni ndugu."

Nilifurahi mno, Dada. Baba alitulea hivyo, kwamba ndugu hawapishani mbele ya mgeni. Ukisema wewe mvua ilinyesha Jumanne, nami nitasema Jumanne, hata kama nakumbuka Jumatano, mpaka mgeni aondoke ndipo tubishane jikoni. Nadhani tuliifanya ile kompyuta kuwa mgeni.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Zile fomu za kijiji cha Idete zilizojazwa wakati wa masika zilikuwa na vistari. Ilikuwa ile sehemu inayouliza kama kuna mtoto aliyepata homa kwa wiki mbili zilizopita. Nyumba nyingi mhoji hakuandika idadi, alipiga kistari tu. Nilikuuliza, "Dada, kistari ni nini?" Mama Leokadia alikuwa ametoka, mvua inapiga bati, nasi tulitaka kumaliza. Ukasema, "Kistari ni hakuna. Weka sifuri." Nikaweka. Nawe ukaweka. Tukaenda hivyo ukurasa kwa ukurasa, na kompyuta ikanyamaza.

Lakini Dada, wakati ule wa masika Idete kuna nani nyumbani? Wote wako mashambani wanaamia ndege, wanawafukuza wasile mpunga. Mhoji alikuta milango imefungwa. Kistari chake hakikuwa na maana kwamba hakuna homa. Kilikuwa na maana kwamba hakuna mtu wa kuulizwa. Mama Leokadia alitufundisha kwamba nyumba isiyo na mtu inaandikwa tisa. Mhoji hakuandika tisa, nasi hatukwenda kumuuliza mtu.

Nimelijua hili Alhamisi. Dokta wetu mwaka huu ana jambo jipya analolijaribu. Ameichukua kazi tuliyoingiza mwaka jana na kuipa kompyuta ijifunze, kama mtoto anayeonyeshwa mifano, kisha yenyewe ibashiri nyumba zipi zina hatari kubwa ya malaria. Wauguzi wakianza kupita nyumba kwa nyumba watafuata mpangilio huo. Alituita sote chumbani akatueleza kwa upole, anavyopenda kueleza. Alisema, "Mashine haina macho. Macho ni yenu. Nyinyi mnaona, yenyewe inakumbuka." Nilitamani ungekuwepo umsikie. Kwa muda mfupi niliona kazi yetu ya kidole kimoja ni kazi kubwa.

Halafu akaniomba nisome orodha kwa sauti. Nilianza juu, majina ya wakuu wa kaya yanapita. Nikafika chini kabisa, kwenye nyumba ambazo kompyuta imesema hazina haja ya haraka. Karibu zote za Idete. Ya tatu kutoka mwisho ni nyumba ya Shangazi Skolastika.

Kidole changu kikabaki kwenye jina lile. Mama Leokadia akasema, "Vipi, Adelina, umemeza nzi?" Watu wakacheka. Nikaendelea kusoma, lakini sikuona tena maandishi.

Niliona siku zile za Pasaka ya mwaka jana, Dada. Mimi na wewe juu ya dungu la Shangazi, kile kichanja cha kuamia, ndege wale kwelea wanashuka kama mtu kamwaga mtama kutoka juu, tunapiga madebe mpaka mikono imekufa ganzi. Shangazi anatupigia kelele kutoka chini, "Mnapiga makofi ya arusi? Pigeni wakate tamaa, si wapate raha!" Na Sabina wake, miaka minne, amelala chini ya dungu kwenye kanga, tukidhani ni joto la mchana. Wewe ndiye uliyeshuka ukamgusa. Uliita jina langu mara moja tu, nami nikajua. Tulimbeba mgongoni kwa zamu, maji yanatufika magotini, mpaka zahanati. Ulikuwa unamwambia, "Sabina, hesabu kwelea, usilale, hesabu." Naye akawa anahesabu, moja, mbili, moja, mbili, kwa sababu tatu haijui. Nilihisi joto lake kupitia gauni langu kwa siku nyingi baada ya hapo, hata alipokuwa amepona na anakimbia.

Haikupita miezi mitatu tukaketi kwenye kile chumba, tukafika kwenye fomu ya nyumba ile, iliyojazwa wiki ile ile ya Pasaka, tukaandika kwamba hapakuwa na mtoto mwenye homa. Mimi na wewe, tuliombeba! Sikulitazama hata jina. Nilikuwa nasikiliza sauti yako tu.

Jumamosi hii inayokuja Dokta anapeleka matokeo Idete. Anasema ni ya awali, ni mboga isiyoiva, anaipeleka mapema ili wenyewe waonje wamwambie kama chumvi imepungua. Amesema mara mbili kwamba anataka wabishe. Ni mtu mwema lakini hawajui watu wetu. Watakaa kwenye madawati ya shule, watamsikiliza, watapiga makofi. Shangazi atasikia kwamba nyumba yake haina hatari naye atasema, "Ahsante, Dokta." Nani atapishana na mgeni aliyekuja na kompyuta? Wakishapiga makofi Dokta ataamini kwamba wamekubali, kama kompyuta ilivyoamini kwamba sisi tumekubaliana. Na wauguzi wataanza kwingine, wafike Idete mwisho.

Kwa hiyo lazima nipishane mimi.

Nimewaza siku tatu, ndiyo sababu ya uchovu huu, si kazi peke yake. Najua barua aliyokuandikia Mama Leokadia ndiyo iliyokupatia nafasi ya kuandika daftari la wagonjwa hapo zahanati Malinyi. Uliniruhusu niisome kabla hujaifunga, nami naikumbuka neno kwa neno: "Kazi yake na ya mwenzake haikupishana hata mara moja." Najua pia bado uko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Nikisema ukweli, sentensi ile inageuka. Sifa yako inakuwa ndiyo kosa letu. Nilitafuta namna ya kusema ukweli bila wewe kuwemo na sikuiona, maana kila fomu kwenye kompyuta ina herufi za mwanzo za majina yetu, zangu na zako, ubavu kwa ubavu.

Sikulaumu, Dada. Ulikuwa unanisaidia. Nami niliuliza nikaridhika na jibu kwa sababu lilitoka kwako. Pale shuleni sista anayetufundisha hesabu husema mtu mwenye kosa aliloliona mwenyewe ameshapata nusu ya jibu. Sijui kama ni kweli. Lakini Dokta alisema mboga haijaiva, na mboga isiyoiva bado inaweza kurudishwa jikoni. Hilo ndilo linalonipa moyo. Ikishaiva na kupakuliwa itakuwa shida.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi nitapanda gari la kituo pamoja nao, maana nimeombwa kwenda kusoma majina. Kabla hatujaondoka nitamweleza Mama Leokadia, asije akalisikia mbele za watu. Tukifika, nitamwomba Dokta asimamishe kusoma, niwaulize akina mama swali moja tu: mwaka jana wakati wa kwelea, nani alikuwa nyumbani? Naamini watacheka kwanza. Kisha watasema yote, kwa sababu mtoto wa nyumbani akiuliza si sawa na mgeni.

Sauti yangu ni ndogo, unaijua. Yako ndiyo inayofika mpaka ng'ambo ya shamba.

Barua hii nampa utingo wa gari la Malinyi kesho alfajiri, yule anayekuita shemeji bila ruhusa. Atageuza kurudi huku Jumatano. Nimekuwekea ndani kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, ili usiseme hukuwa na cha kuandikia. Siombi uniambie niseme au nisiseme, hilo limekwisha. Nauliza moja tu, na tafadhali jibu ndiyo au hapana. Ukiacha wazi, au ukipiga kistari, sitajua kama hukutaka au barua haikukukuta.

Mungu akulinde. Sabina anakusalimu, ameshajua tatu.

Dada, Ijumaa utavuka mto na pantoni, Jumamosi tukasimame wawili?

Mdogo wako,
Adelina