Kabula Kaenda Kisimani

Mama yangu, shikamoo. Nimepiga goti kabisa hapa jikoni, ingawa hakuna anayeniona. Hujambo? Miguu inaendeleaje? Na mvua, imeshanyesha huko Itetemia? Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii anaileta yule mama wa Ulyankulu ninayesali naye huku Norwe. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza kulia nawe unalia, halafu hakuna anayesema kitu.

Unakumbuka kazi yangu ya kutunza wazee? Wiki ya kwanza nilimpigia goti mzee mmoja kumwamkia, kama ulivyotufundisha. Nesi akaja mbio akidhani nimeanguka! Nikakatazwa, eti nitaumia magoti. Lakini mzee alipenda. Siku hizi hawatambui hata watoto wake wakija kumwona, ila mimi nikiingia tu ananyoosha mkono, anangoja goti lake. Nampigia wenzangu wakigeuka.

Ndiyo maana Jumapili iliniuma. Nilimwamkia baba kwenye simu, akaitika vizuri, "Marahaba, mwanangu. Wewe binti wa nani?"

Nikasikia ukimwambia, "Si Kabula huyo!"

Naye akakufokea, "Kabula kaenda kisimani. Mbona anachelewa hivyo?"

Haukuwa mtandao, mama. Nilikata simu mwenyewe. Baba wa watu ananijua, baba yangu ananiuliza mimi ni nani. Niliona aibu, nikalia hadi mwanangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Ningepanda ndege kesho. Lakini pasipoti yangu iko uhamiaji, kibali kinashughulikiwa, na nikiondoka kabla hawajajibu sitaruhusiwa kurudi, na mtoto yuko shule huku. Nimekwenda mara tatu, naambiwa nisubiri. Naogopa nitamkuta baba yuko hai, ananikaribisha kiti kama mgeni.

Nisalimie dada mkubwa, mwambie asichoke kumwogesha baba. Na mjomba wa Puge, michembe yake ya viazi ilifika. Nimekula yote peke yangu, sikumpa mtu hata kipande, aniseme akitaka.

Na baba akiuliza tena, usimbishie. Mwambie ni kweli, Kabula yuko kisimani. Kuna foleni, lakini ndoo yake inasogea.

Mwanao,
Kabula