Fomu ya Usingizi wa Kitindamimba

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu kaniita. Kitindamimba wangu, miaka kumi na moja, analala darasani kila siku. Akiendelea hivi, atarudia darasa. Nikamwambia dawa ninayo – kumnyang'anya simu! Nimeifungia saluni kwangu, droo moja na mashine za kunyolea. Binti hata hakununa. Alipiga miayo tu.

Jumatano, 6 Machi
Simu iko drooni, mtoto bado anasinzia na kikombe mkononi. Mama yake kampeleka kliniki, wamerudi na fomu: kalala saa ngapi, kaamka mara ngapi, kila siku. Nimejitolea kuijaza. Kazi gani hiyo!

Ijumaa, 8 Machi
Fomu inapendeza. Kalala saa tatu, kaamka mara sifuri. Mke wangu akachungulia, akauliza nimejuaje. Si nilikuwepo? Ulikuwepo, akasema, ila wewe ndiye uliyetangulia kulala. Lo! Fomu nzima ni usingizi wangu mimi. Nimeifuta yote. Aibu tupu.

Jumapili, 10 Machi
Jana nimekesha kwenye kiti kando ya kitanda chake. Akaanza kukoroma, nikatabasamu. Ukoo wetu wote tunakoroma, na huyu ndiye bingwa – wateja wangu huniomba nimwigize. Mara kimya. Kifua kinapanda, pumzi haitoki. Nikahesabu mpaka tisa. Akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo, akageuka. Halafu tena. Na tena! Nimeandika mpaka nafasi ikaisha. Niliogopa sana.

Jumanne, 12 Machi
Hospitali tangu asubuhi, mimi na binti. Daktari kasoma fomu, kammulika kooni. Mafindofindo yamevimba, hewa inakosa njia, huenda yakatolewa. Usiku kucha mtoto anapigania pumzi, kasema, mchana asisinzie vipi?

Binti akanigeukia. "Kumbe mimi si mvivu, baba?"

Hata kidogo, nikamwambia. Akafurahi huyo!

Kisha daktari akauliza kukoroma kulianza lini. Nikasingizia naenda msalani. Niko koridoni, daftari juu ya goti. Kulianza akiwa na miaka mitano. Miaka sita namwigiza, watu wanavunjika mbavu, na mimi nacheka kuliko wote.

Kachungulia mlangoni sasa hivi. "Baba, njoo. Daktari anakungoja, mimi nimemwambia sijui kulianza lini."