Mchumba wa Salome

Mke wangu Mama Rehema,

Lushoto kumepoa? Hapa Johannesburg mdogo wangu Salome, mjane, amepata mchumba: mzee wa Kikanada anayedai alikulia Saskatoon nilikosoma, enzi mji unapanuka. Nilimshuku, theluji hata mwongo anaijua. Nikamuuliza, “Mbele ya magari yenu kulining’inia nini wakati wa baridi?”

“Eish, shemeji, unanipima! Waya.”

Ni kweli. Kule injini huganda, kwa hiyo gari huchomekwa kwenye umeme kama pasi. Akaendelea kutaja nyumba mpya zilizoota kwenye mashamba ya ngano, huku akijifuta macho.

“Kaka, amefaulu?” Salome akauliza kwa wasiwasi.

Nami macho yalishanijaa machozi kwa kuikumbuka Saskatoon. Nimemwambia mzee arudi kesho, eti bado nina maswali.

Jifunike vizuri, mpenzi.

Mumeo