Paneli ya juu ya bati letu

Jumatatu, 5 Januari 2026
Paneli imefungwa! Nyembamba, nyeusi, si kama zile nzito za dukani. Kaipandisha mwenyewe mana Benilde, yule dada fundi wa universidade, chuo kikuu. Zipo tatu tu za majaribio – kwangu, Mbau na Palma. Jina lake perovskita. Eti inakula jua vizuri mno, na siku moja itakuwa rahisi kununua. Ila unyevu na joto ndio maradhi yake. Wanataka kujua itadumu vipi huku pwani. Kaniagiza: "Usiiguse, mana. Wewe tumia tu."
Betri ya simu imechoka, ikitoka kwenye waya haimalizi siku. Sasa waya upo! Mume wangu Nurdine alipoondoka kutafuta kazi Afungi, kwenye mitambo ya gesi, aliniambia, usizime simu, mama Haula, namba yako ndiyo pekee niliyo nayo kichwani. Tangu Idi ya kuchinja kimya. Sasa akipiga atanikuta.

Jumatano, 14 Januari
Mvua. Haula kaiamkia paneli: shikamoo! Nimecheka peke yangu. Siku nyingi sijacheka.

Jumapili, 25 Januari
Ukingoni imeingia manjano. Kama macho ya Haula alipougua ini. Simu inapanda kwa shida. Nimekosea nini? Naogopa kumwambia mana Benilde – ataichukua.

Jumanne, 27 Januari
Shemeji Rama, fundi wa kukalafati mashua, kaja kuitazama. Anasema maji yanapenya pembeni tu, kama chombo. "Shemeji, hata mimi nikiumwa hunihurumii hivi!" Kaziba ukingo wote kwa pamba na deheni yake. Nyumba nzima inanuka mafuta ya papa. Najua niliambiwa nisiguse. Lakini mgonjwa unamwachaje?

Jumatano, 4 Februari
Manjano imesimama! Simu asilimia themanini. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 5 Februari
Mana Benilde kaja. Kanusa, kauliza nani kapaka. Nikasema mimi. Kakaa pale kwenye ngazi. Halafu kaniambia taratibu – zile mbili zimezibwa ukingo kiwandani. Yangu waliiacha wazi makusudi, waone unyevu utaiua baada ya muda gani. Ndivyo wanavyojifunza kuzifanya zidumu.
Iliwekwa kwangu ife. Na mimi naiuguza.
Hakugomba. Ila jaribio limeharibika, lazima aende nayo leo. Nyingine, iliyozibwa, labda Aprili. Labda. Nikamweleza habari za Nurdine. Machozi yalimlenga, bisibisi haikusimama.

Kaondoka nayo. Bati limebaki na alama ya mraba.
Kibanda cha Sadique cha kuchajia kimefungwa, mwenyewe karudi Mtwara. Rama kakimbia bandarini kuulizia pa kuchajia.
Simu asilimia tisa. Nikiiacha itajifia kabla ya magharibi. Nikiizima nitabakiza chaji kidogo – lakini akipiga sasa hivi je? Nimeweka kidole kwenye kitufe. Haula kanishika mkono.
"Mama, usimzime baba."
Saba. Rama bado hajarudi –