Kiti cha Mama Kilichoruka Kitupu

Dubai,
siku ya tatu baada ya Krismasi.

Kwako Kaka Jailosi, dukani, Tunduma.

Shikamoo Kaka. Nakuamkia kwa sababu Mama alinilea hivyo, na ukiona shikamoo yangu ya leo ni nyepesi, hujakosea. Afya yako siulizi. Mgonjwa hawezi kukaa kwenye basi kutwa nzima mpaka Dar es Salaam huku ameshika suti isipate mikunjo. Namwulizia Mama. Analala? Anakula? Lile jicho la kushoto bado linaona mwanga wa mlangoni, au nalo limeanza kuchoka? Na mahindi ya kule nyumbani Mbozi yameshawekwa mbolea, au mnangoja mimi nitume na mtu wa kuimwaga?

Mimi nipo. Kifua kinanibana kidogo kwa hivi viyoyozi vyao, lakini nimezoea. Watoto ninaowalea wamekwenda kwa babu yao na wazazi wao, nyumba iko kimya, nami nipo kwenye likizo yangu ya siku kumi. Nimeimaliza nimekaa kitandani nikitazama ukuta, Kaka. Siku kumi ambazo nilizipanga kwa mwaka mzima.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Nimekupigia mara ngapi? Ulipokea mara moja, ukaniambia, "Pointi si hela, ulipewa bure, na cha bure hakinuniwi," halafu ukakata. Haya, barua haikatwi. Anakuletea Mama Furaha, mwenye duka la nguo pale karibu na stendi, aliyekuja huku kuchukua mabegi ya shule. Nimempa nakala mbili. Moja ni yako. Nyingine anabaki nayo yeye, kazi yake utaijua ukifika mwisho.

Sasa ngoja nikufundishe hiyo bure ni kitu gani.

Kila ninaposafiri na familia hii, mimi ndiye nakaa na watoto. Madamu na mumewe wanakaa mbele kule kwenye viti vya kulala, wanakunywa juisi. Mimi nakaa nyuma na pacha wawili, mmoja akilia kwa masikio mwingine ananitapikia kifuani. Siku moja Madamu akanionea huruma, akanifungulia kadi ya shirika la ndege, kwa jina langu mimi Enelesi. Kila safari wananiandikia pointi, na zikijaa nabadilisha kwa tiketi. Zile za kwanza zilikufa, maana sikujua kuwa pointi nazo zina siku ya kufa. Hizi nyingine nikazilinda kama kuku anayeatamia. Kila pointi unayoiita ya bure ina matapishi yake, ina nepi ya mtoto niliyobadilisha chooni wakati ndege inaruka kama gari la Ileje kwenye mawe. Mwulize Mama Furaha, ameona kile choo kilivyo. Hata kugeuka hugeuki.

Unakumbuka daktari wa macho wa Mbeya alivyotuambia? Wewe ulikuwepo, mimi nilisikia kwenye simu. Presha ya macho, hakuna kupasua, dawa ya matone inasogeza siku tu. Akasema kama kuna kitu mama yenu anapenda kukiona, msikae. Mama alipoulizwa akacheka. Akasema anataka kuona mwanawe anaishi wapi, aione bahari, basi, mengine ya ziada. Mama wa miaka sitini na nane ambaye mbali alikofika ni Mbeya! Nikamwambia Krismasi hii utaiona. Nikaapa.

Basi ndipo nilipojua maana ya msimu wa watu wengi. Ndege nzima wanatenga viti vichache vya pointi, na vya Desemba vinaisha kama maandazi ya asubuhi. Ukitaka cha Krismasi, unaanza Januari. Wenzangu walikuwa bado wanakula viporo vya mwaka mpya, mimi niko kwenye simu na shirika, muziki unapigwa sikioni, naambiwa subiri, subiri. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya sita yule dada akasema kipo kimoja, kwenda tarehe ishirini, kurudi kimepatikana tarehe ya mwisho wa likizo yangu, lakini kwa sababu ni msimu, pointi ni mara mbili. Nikamwambia chukua zote. Nililia jikoni, Kaka, mpaka mpishi Mfilipino akadhani nimefiwa.

Ungeniuliza kwa nini nisimlete Februari viti vikiwa vingi. Kwa sababu mwajiri ananipa likizo Desemba tu, wao wakiwa hawapo. Na pointi zilikuwa zinakufa mwaka ukiisha. Na macho ya Mama hayakuwa yanangoja kalenda ya mtu. Haya yote nilikueleza kwa simu, taratibu, mara tatu, na ukasema, "Nimekuelewa mdogo wangu."

Sikatai, ulianza vizuri. Ulimpeleka Mama Mbeya akapigwa picha ya pasipoti, ukanitumia nakala, viza ikatoka. Tiketi na viza nikakutumia kwa karatasi. Kosa langu ndilo hilo, kukutumia wewe. Ningempa mwinjilisti. Nikakupangia na Mama Furaha, asafiri siku hiyo hiyo, amshike Mama mkono kuanzia kaunta ya Dar hadi mlangoni kwangu. Wewe kazi yako ilikuwa moja, kumleta Mama kwa basi mpaka uwanjani. Kazi moja!

Siku ile nilifika uwanja wa Dubai saa mbili kabla ya ndege kutua. Nilikuwa na sweta, kwa sababu Mama husikia baridi, na niliomba kiti cha magurudumu, kijana wa uwanja akanipa nikishike. Watu wakatoka, wakatoka. Akatoka Mama Furaha, peke yake, ananiangalia kama mtu aliyebeba msiba. Nikasema Mama yuko wapi? Akasema, "Mwanangu, kaa kwanza kwenye hicho kiti."

Akanisimulia. Amesimama kaunta ya Dar anamngoja Mama, mara anakuona wewe, suti ya kijivu, tai, sanduku jipya, pasipoti yako mkononi na tiketi ya Mama. Akakuuliza, "Mama yuko wapi?" Ukamjibu kwa sauti hadi watu wakageuka, "Ukoo umekaa, umeamua. Haiwezekani mama apande ndege kabla mkubwa wa nyumba hajapanda. Mimi ndiye nimesimama badala ya baba." Ukampa dada wa kaunta ile tiketi. Dada akatazama tiketi, akakutazama wewe, akasema tiketi hii ni ya mwanamke. Nawe ukamwambia nini? Mama Furaha aliniapia. Ukamwambia, "Jina la ukoo ni lilelile. Huyo ni mama yangu mzazi, na mimi ndiye mkubwa wake."

Jamani! Hivi Kaka, ulidhani umepanda basi la stendi ya Tunduma? Pale sawa, tiketi inaandikwa Bahati, anapanda Jumanne, kondakta anahesabu vichwa, safari njema. Na viza nayo ukaifanya kama mpaka wetu, ambako mtu anavuka kwenda Nakonde kunyoa ndevu na kurudi chai haijapoa, maana askari anamjua. Umeishi mpakani miaka yote hiyo ukadhani mipaka yote duniani inakujua wewe! Ulibishana nao, ukaitisha mkubwa wao, ukasema utawafikisha kwa mbunge. Ndege ikafungwa milango. Mama Furaha amekaa safari nzima pembeni ya kiti kitupu, cha dirishani, na msimu wote huo wa watu wengi hakuna aliyekikalia.

Nikapiga simu kwa shirika. Wakasema abiria hakutokea, tiketi imekufa, na kiti cha kurudi kimefutwa pamoja nayo. Pointi hazirudi. Niliwaomba, niliwabembeleza kwa kila lugha niliyonayo. Wakaniambia pole, wakaniuliza kama nina tatizo lingine wanaloweza kunisaidia.

Hasira ya hilo ningeimeza, labda. Ujinga ni ujinga, na wewe hukuanza jana. Lakini nilipopiga siku ya Krismasi, ukampa Mama simu, maana simu yake unaishika wewe kwa kuwa haoni vitufe. Mama akaniambia kwa ile sauti yake ya kunituliza, "Usijali mwanangu. Kaka yako ameniambia ulighairi, kwamba nafasi zilijaa. Krismasi watu ni wengi, najua. Usijisumbue na mimi mzee." Nikafungua mdomo niseme, laini ikakatika. Ilikatika yenyewe, eti? Mtandao?

Kwa hiyo ulirudi Mbozi na suti yako, ukakuta Mama amekaa kwenye mkeka na nguo zake zimekunjwa, ukamwambia mimi nimeghairi. Mimi! Fadhila ya punda ni mateke, nilisikia utotoni, sikujua nitakuja kuoneshwa maana yake na mtu aliyenyonya ziwa moja na mimi. Umeniibia safari, sawa. Lakini kumwambia Mama kwamba mimi ndiye nimemwacha, hilo sikusamehe, na usitume mtu kuja kuniombea. Sina hamu ya kusikia neno ukubwa kinywani mwako tena. Mkubwa ni anayemtanguliza mama yake.

Msalimie Baba Mdogo Esau, aliyekaa kwenye kikao hicho na kutikisa kichwa kama alivyozoea. Mwambie miwani aliyoniagiza ninayo, nitampa mwenyewe mkononi siku atakayonieleza alitikisa kichwa kukubali kitu gani. Msalimie Shangazi, najua alipinga, Mama Furaha amesikia. Msalimie Shemeji, mkeo, na usimnunie, maana habari hizi hakunipa yeye, umezitangaza mwenyewe kwenye kaunta. Watoto wako wabusu, hawana kosa. Mwinjilisti mpe salamu na uombe akuombee, unahitaji.

Sasa sikiliza amri, na sikuamrishi kwa ukubwa. Jumapili hii panda Mbozi. Ukifika, kaa chini mkekani, usikae kwenye kiti. Msomee Mama barua hii wewe mwenyewe, kwa sauti, kuanzia shikamoo, usiruke hata mstari, pale penye jina lako ulitaje. Mama Furaha atapanda Jumatatu na nakala yake, atamsomea upya, na Mama atajua ulichoruka. Ukishafika hapa, wewe umekwisha. Maneno yanayofuata si yako, ni ya Mama, wewe ni mdomo tu.

Mama, shikamoo. Sikughairi. Nafasi haikujaa. Kiti chako kilikuwepo, cha dirishani, kwa jina lako, tangu Januari. Nilikuwa mlangoni nakungoja, Mama, na nilisimama pale mpaka kijana wa uwanja akaja kukichukua kiti chake cha magurudumu.

Ni mimi mwanao,
Enelesi.